Mtoto wa Askari na Shule Mpya: Kazi ya Wasimamizi wa Elimu Maalum wa Marekani

Askari anapopewa amri ya uhamisho huwa hana mengi ya kujadili. Hufunga mizigo yake, huwaaga majirani zake wa kambini, na siku iliyotajwa huripoti kwenye kikosi kipya. Mke na watoto hufuata nyuma. Mtoto asiye na tatizo lolote hupelekwa katika shule iliyo karibu na kambi, akakaa siku mbili tatu akiwatazama wenzake kwa haya, kisha akazoea. Lakini ipo familia ambayo amri hiyo hiyo huiletea hofu ya namna nyingine. Ni familia yenye mtoto asiyesikia, au asiyeona, au mwenye akili nzito ya kujifunza, ambaye katika shule ya zamani alikuwa amekwisha kumpata mwalimu anayeijua hali yake na kitabu anachoweza kukisoma. Uhamisho wa baba yake unamrudisha mwanzo. Shule mpya haimjui, mwalimu mpya hajafunzwa kazi hiyo, na mkuu wa shule anasema karatasi zake zingali njiani.

Wasikilizaji, jambo hili si la jeshi la nchi moja. Hata hivyo, iko nchi ambako limeshughulikiwa kwa sheria na mapatano, na ambako watu walioisukuma kazi hiyo hawajulikani sana hata na wananchi wenzao. Nchi hiyo ni Marekani, na watu hao ni wasimamizi wa elimu maalum, yaani maofisa wanaoangalia elimu ya watoto wenye ulemavu katika wilaya na katika majimbo. Habari zao zinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu mengi waliyoyapata hayakutokana na ukarimu wa mtu mmoja mkubwa. Yalitokana na maofisa wa ngazi ya kati waliochoka kufanya kazi kila mmoja peke yake.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba elimu katika Marekani haiendeshwi na wizara moja kutoka mji mkuu. Zipo wilaya za shule zipatazo 13,000, kila moja ikiwa na halmashauri yake, kodi zake na mkurugenzi wake mkuu. Ndani ya wilaya hizo yuko ofisa mmoja aliyekabidhiwa elimu maalum. Katika miji mikubwa ofisa huyo ana wasaidizi wengi, lakini katika wilaya ndogo za mashambani aghalabu ni yeye peke yake, na pengine amepewa na kazi nyingine juu yake.

Kazi ya ofisa huyu ni ngumu kuliko jina lake linavyoonyesha. Sheria inamtaka awatafute watoto wote wenye ulemavu katika eneo lake, hata wale ambao wazazi wao hawakuomba chochote. Inamtaka ahakikishe kwamba kila mtoto amepimwa na wataalamu, kwa lugha anayoifahamu, na kwamba hakupimwa kwa mtihani mmoja tu. Baada ya kupimwa, kikao hukaa: mzazi, mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalum, mwakilishi wa wilaya, na mtu awezaye kueleza maana ya vipimo. Kikao hicho huandika mpango wa elimu wa mtoto huyo mmoja, ukieleza anaweza nini sasa, anatazamiwa kuweza nini baada ya mwaka, na atapewa msaada gani, na nani, mara ngapi kwa juma. Mpango huo huangaliwa upya angalau mara moja kila mwaka. Ofisa wetu ndiye anayetafuta mwalimu wa maandishi ya nukta nundu, ndiye anayelipia basi lenye mlango wa kiti cha magurudumu, na ndiye anayekwenda mbele ya halmashauri kueleza kwa nini bajeti yake imeongezeka wakati ya wengine imepungua.

Kwa sababu hiyo ofisa huyo hukaa katikati ya moto na maji. Mzazi humwona kuwa ni mtu wa serikali anayebana fedha. Mkurugenzi wake humwona kuwa ni mtu wa wazazi anayezimwaga. Walimu humlaumu kwa wingi wa karatasi. Mtu akikaa hivyo miaka mitatu bila mwenzake wa kumuuliza jambo, ama huacha kazi, ama hujifunza kusema hapana kwa kila ombi ili apate usingizi. Hapo ndipo umuhimu wa chama unapoonekana.

Chama cha kwanza cha watu wa kazi hii kilizaliwa mwezi Agosti mwaka 1922 katika chuo cha walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Kundi dogo la wasimamizi na wakaguzi wa shule, waliokuwa wamekwenda hapo kwa masomo ya likizo, walikutana na mwalimu wao Elizabeth Farrell. Bibi huyo alikuwa ameanza kufundisha mwaka 1899 katika mtaa wa maskini na wahamiaji wa New York, akichukua watoto ambao madarasa ya kawaida yalikuwa yamewashindwa. Aliwafundisha kwa mbao, kwa rangi, kwa makopo na kwa vyombo vya kazi, badala ya kuwakaririsha vitabu wasivyovielewa. Mwaka 1906 alifanywa mkaguzi wa madarasa ya namna hiyo katika mji mzima. Alikuwa, basi, mwalimu kwanza na msimamizi baadaye, na aliijua kazi kutoka pande zote mbili.

Kundi lile lilijiwekea madhumuni matatu ambayo hata leo yanasomeka vizuri. La kwanza lilikuwa kuwaunganisha watu wote wanaojali elimu ya mtoto wa aina hii. La pili, kutilia mkazo elimu yenyewe kuliko kazi ya kuwatambua watoto na kuwapanga katika mafungu. La tatu, kuweka kipimo cha ujuzi kwa walimu wa fani hiyo. Dhumuni la pili lina uzito wa pekee, kwani nyakati zile wataalamu wengi waliridhika kumpa mtoto jina la ugonjwa wake na kumwacha hapo. Kumtambua mtoto ni jambo rahisi kuliko kumfundisha, na hili ni kweli katika nchi yoyote.

Kutoka chama hicho, kilichoitwa baadaye Baraza la Watoto wa Pekee, yalichipuka matawi mengi, likiwamo Baraza la Wasimamizi wa Elimu Maalum, ambalo wanachama wake ni maofisa wa wilaya tuliowaeleza. Sambamba na hilo, wakurugenzi wa elimu maalum wa majimbo waliunda chama chao mwaka 1938. Kwa hiyo zikawapo ngazi mbili: ya wilaya, inayojua matatizo ya darasani, na ya jimbo, inayojua sheria na fedha. Msikilizaji wa jeshini hatashindwa kuelewa faida ya mpango huo. Habari hupanda kutoka mstari wa mbele na maelekezo hushuka, na mahali fulani katikati watu hukutana wakaambiana ukweli.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba vyama hivi vilifungua milango ya shule peke yao. Waliogonga milango hiyo kwa nguvu zaidi walikuwa wazazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo mengi yalikuwa na sheria zilizoruhusu shule kumkataa mtoto iliyemwona hafundishiki. Wazazi wa jimbo la Pennsylvania, kupitia chama chao cha kutetea watoto wenye ulemavu wa akili, walilishtaki jimbo, na kufikia mwaka 1972 walikuwa wamepata mapatano mbele ya mahakama kwamba kila mtoto huyo apewe elimu ya bure. Mwaka huo huo, katika mji mkuu wa Washington, jaji mmoja aliamua katika kesi nyingine kwamba ikiwa fedha hazitoshi, upungufu huo usibebeshwe watoto wenye ulemavu kwa uzito kuliko wenzao. Wasimamizi walijikuta katika hali ya ajabu. Katika kesi hizo serikali walizozitumikia ndizo zilizoshtakiwa, na wengi wao moyoni waliona kwamba wanaoshtaki wana haki.

Hapo walikuwa na njia mbili. Wangaliweza kujitetea na kuomba muda. Vyama vyao vilichagua njia ya pili, yaani kusimama pamoja na wazazi mbele ya Bunge na kudai sheria moja ya nchi nzima pamoja na fedha za kuitekeleza. Bunge lilipochunguza, liliandika ndani ya sheria yenyewe kwamba nchi ilikuwa na watoto wenye ulemavu zaidi ya 8,000,000, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata huduma zinazowafaa, na kwamba 1,000,000 walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Sheria ilipita kwa kura nyingi sana katika mabaraza yote mawili, na Rais Gerald Ford aliitia saini tarehe 29 Novemba mwaka 1975. Aliitia saini kwa shingo upande, akionya kwamba imeahidi zaidi ya serikali kuu inavyoweza kutoa.

Onyo hilo lilitimia, na ndilo lililowapa wasimamizi kazi ya nusu karne. Sheria ya 1975 ilisema kwamba serikali kuu itaongeza mchango wake hatua kwa hatua hadi ufikie, mwaka 1982, asilimia 40 ya wastani wa gharama za kumsomesha mwanafunzi mmoja, kwa kila mtoto mwenye ulemavu. Asilimia hiyo haijafikiwa hata mara moja. Katika miaka ya kawaida mchango haukufika hata nusu ya ahadi, na katika miaka ya karibuni umekuwa chini ya asilimia 15. Wajibu wa wilaya, lakini, haukupunguzwa hata kidogo. Mtoto ana haki ile ile, fedha ziwepo au zisiwepo. Kamanda aliyepata kuagizwa kushika kituo kwa siku thelathini, huku akiletewa chakula cha siku kumi, ataelewa hali ya ofisa wa elimu maalum bila kuelezwa zaidi.

Basi kila mwaka maofisa hao hufunga safari kwenda Washington. Hukutanishwa kwanza na vyama vyao, wakafundishwa namna ya kuzungumza na mbunge: dakika ni chache, maneno yawe machache, na mfano utoke katika wilaya ya mbunge huyo mwenyewe. Ofisa kutoka mji mdogo wa mashambani hamwelezi mbunge habari za asilimia. Humwambia kwamba katika mji fulani yuko mtoto mmoja anayehitaji muuguzi darasani, kwamba muuguzi huyo analipwa kwa fedha zilizokuwa za kukarabati paa la shule, na kwamba wapiga kura wa mji huo wameanza kumnung'unikia mtoto badala ya kuinung'unikia serikali. Ofisa mmoja akisema hivyo, ni malalamiko. Maofisa mia kadhaa wakisema hivyo katika juma moja, kila mmoja kwa mbunge wake, linakuwa jambo la taifa. Haimaanishi kwamba hushinda. Asilimia 40 ingali ahadi. Lakini mara nyingi fungu hilo limenusurika kupunguzwa, na mwaka hadi mwaka wabunge wa vyama vyote viwili wamepeleka miswada ya kulitimiza.

Upande wa pili wa kazi ya vyama ni mafunzo, na hapa matunda yameonekana mapema zaidi. Ofisa mpya wa elimu maalum aghalabu alikuwa mwalimu mzuri. Hakufundishwa kusoma hukumu za mahakama, kupanga bajeti, wala kukaa meza moja na mzazi mwenye hasira na wakili wake. Vyama humkutanisha na ofisa mkongwe atakayemwongoza mwaka wa kwanza. Humletea maelezo ya kila hukumu kubwa kwa lugha inayofahamika. Mwaka 1982 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua, katika shauri la mtoto asiyesikia aitwaye Amy Rowley, kwamba shule haiwajibiki kumpa mtoto kilicho bora kuliko vyote. Mpango wake unatosha ukiwa umetengenezwa kwa namna ya kumpatia faida ya elimu. Kwa miaka mingi baadaye mahakama nyingine ziliifasiri hukumu hiyo kwa ubahili, zikasema faida ndogo tu yatosha. Ndipo mwaka 2017, katika shauri la mtoto mwenye usonji kutoka Colorado, majaji wote walioketi, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba faida ndogo tu haitoshi, na kwamba mpango lazima umwezeshe mtoto kuendelea kwa kadiri ya hali yake. Asubuhi iliyofuata maelfu ya maofisa walikuwa na swali moja: je, mipango iliyokwisha kuandikwa inafaa au iandikwe upya? Ofisa aliye peke yake angalimwita wakili na kulipa. Aliye katika chama alipata jawabu pamoja na wenzake, na mafunzo yakafuata.

Si haki, hata hivyo, kuwasifu watu hawa bila kutaja mahali ambapo masilahi yao na ya wazazi yameachana njia. Mzazi asiyeridhika anaweza kudai shauri lisikilizwe na mwamuzi asiye wa wilaya. Mashauri hayo ni ghali kwa pande zote. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwenye kushtaki, ambaye kwa kawaida ni mzazi, ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mwaka uliofuata ikaamua kwamba mzazi akishinda harudishiwi gharama za wataalamu wake. Wilaya zilipumua. Wazazi maskini waliona kwamba haki yao imebaki kwenye karatasi. Kila sheria ilipofikishwa Bungeni kuangaliwa upya, watawala wa shule wamependa karatasi zipungue na mashauri yapungue, na wazazi wamejibu kwamba karatasi hizo ndizo silaha yao ya pekee. Pande zote mbili zina hoja. Wasimamizi wenye busara wametambua kwamba chama kinachojitetea chenyewe kuliko kinavyomtetea mtoto hakitasikilizwa muda mrefu, na ndiyo maana wengi wamejifunza usuluhishi, ambao tangu marekebisho ya mwaka 1997 kila jimbo limelazimika kuutoa. Msuluhishi hukaa na pande zote mbili kabla ya mambo kufika kwa mwamuzi, na mara nyingi tatizo lililoonekana kuwa la sheria hugeuka kuwa ni barua isiyojibiwa.

Sasa turudi kwa askari na amri yake ya uhamisho.

Mtoto wa askari wa Marekani hubadili shule mara 6 hadi 9 tangu darasa la awali hadi mwisho wa sekondari. Kwa mtoto mwenye ulemavu kila badiliko lilikuwa pigo. Jimbo moja lilimhesabu kuwa ana haki ya mtaalamu wa usemi, jimbo la pili likataka apimwe tena, na kupimwa huchukua wiki nyingi. Ukijumlisha wiki hizo kwa kila uhamisho, mtoto alipoteza mwaka mzima au zaidi katika maisha yake ya shule akingojea tu. Yako mambo matatu yaliyofanywa kuliondoa tatizo hilo, na katika yote matatu utaona alama za mikono ya wasimamizi.

La kwanza liko ndani ya jeshi lenyewe. Askari mwenye mtoto au mke mwenye mahitaji ya pekee hutakiwa kumwandikisha katika daftari maalum, ili kabla ya kumpanga kwenye kituo kipya wakubwa wake watazame kama huduma zinazohitajika zinapatikana huko. Askari wengi waliogopa daftari hilo mwanzoni. Waliona kwamba jina likiandikwa humo, cheo kitachelewa. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa tangazo moja. Huondoka pale askari wanapomwona mwenzao aliyeandikisha mtoto wake akipandishwa cheo kama wengine, na palipotokea kinyume chake, hofu imekaa.

La pili ni marekebisho ya sheria ya mwaka 2004. Yanasema kwamba mtoto akihama katikati ya mwaka wa masomo akiwa na mpango wake, wilaya mpya lazima impe mara moja huduma zinazolingana na zile alizokuwa akipata, hata kama anatoka jimbo jingine. Wilaya ina ruhusa ya kumpima upya, lakini haina ruhusa ya kumwacha akae bure wakati inapompima.

La tatu ni mapatano baina ya majimbo kuhusu elimu ya watoto wa wanajeshi. Wizara ya Ulinzi ilishirikiana na baraza la serikali za majimbo kuyaandika, yakaanza kufanya kazi mwaka 2008 majimbo kumi yalipokuwa yamejiunga, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa ndani. Mapatano hayo yanagusa mambo yanayoonekana madogo mno hata mtu wa makao makuu asingeyafikiria. Familia inaweza kuondoka na nakala ya kumbukumbu za mtoto mkononi, na shule mpya lazima impangie darasa kwa nakala hizo bila kungoja za posta. Mtoto aliyekosa chanjo fulani hupewa siku 30 za kuipata huku akisoma. Mtoto ambaye mzazi wake ameitwa vitani, au amerudi kutoka vitani, anaweza kupewa siku za ziada za kukaa naye. Na mtoto mwenye ulemavu hupewa kwanza huduma zinazolingana na za mpango wake wa zamani. Mambo kama haya hujulikana tu na mtu aliyekaa ofisini siku mama wa askari alipoingia na mtoto mkono mmoja na bahasha mkono wa pili, akaambiwa arudi juma lijalo.

Hayo yote, hata hivyo, hayakujengwa juu ya mwamba. Mwezi Machi mwaka 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya serikali kuu, na watumishi wake karibu nusu waliondolewa. Mwezi Oktoba mwaka huo, shughuli za serikali zilipokuwa zimesimama kwa kukosa bajeti, barua za kuachishwa kazi zilipelekwa kwa watumishi wa ofisi ile inayosimamia elimu maalum nchini kote. Vyama vya wasimamizi, vya wilaya na vya majimbo, vilipaza sauti pamoja na vyama vya wazazi ambavyo katika mambo mengine huwa vinagombana navyo. Hoja yao haikuwa ya siasa. Waliuliza swali la kiutawala: sheria inabaki, fedha zinabaki, lakini nani atazigawa, na jimbo likikosea nani ataliambia? Mwezi Novemba Bunge lilipopitisha sheria ya kuifungua serikali, barua hizo zilibatilishwa. Tukio hilo liliwafundisha maofisa wengi vijana kwa nini wazee wao walikuwa wakilipa ada ya chama kila mwaka bila kukosa.

Uhaba wa walimu nao haujapungua. Watoto wanaohudumiwa chini ya sheria hiyo walikuwa wapatao 3,700,000 katika mwaka wa masomo wa 1976-77. Sasa wamezidi 7,000,000, karibu asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma. Majimbo mengi sana hutangaza kila mwaka kwamba yamepungukiwa na walimu wa fani hii. Ofisa hulazimika kumweka darasani mtu ambaye hajamaliza mafunzo, kisha kumfundisha akiwa kazini, jambo ambalo lingekuwa haliwezekani kabisa kama kila wilaya ingekuwa inatunga mafunzo yake yenyewe.

Kwa msikilizaji wa Uganda mambo haya hayako mbali kama ramani inavyoonyesha. Katiba ya mwaka 1995 inasema kila mtu ana haki ya elimu, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, mtoto mwenye ulemavu alitajwa awe miongoni mwa wa kwanza. Nchi ilikuwa na taasisi ya taifa ya elimu maalum huko Kyambogo, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na vyuo jirani kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, na walimu wa fani hii wanaendelea kufunzwa hapo. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Denmark, zilianzishwa pia huduma za wilayani za kuwapima watoto na kuwashauri wazazi na walimu. Maofisa waliofanya kazi hiyo walikuwa wachache katika kila wilaya, wakizunguka kutoka shule hadi shule, na maswali waliyorudi nayo jioni yalikuwa yale yale ya mwenzao wa mashambani ya Marekani: mtoto huyu apelekwe wapi, nani amfundishe, na fedha zitoke fungu gani.

Tofauti moja iko wazi. Askari wa Uganda anayehamishwa kutoka kambi ya kaskazini kwenda ya magharibi hahami kutoka sheria moja kwenda nyingine. Wizara ni moja, mtaala ni mmoja, na lugha ya alama ya viziwi, ambayo Katiba imeagiza iendelezwe, ni ile ile. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi inayoeleza kwamba mtoto huyu asiyesikia amekwisha kujifunza alama mia mbili, husoma vizuri akiketi mbele, na mwalimu wake wa zamani ni fulani. Karatasi ya namna hiyo haihitaji Bunge. Inaandikwa na mwalimu wa darasa, inatiwa mhuri na mkuu wa shule, na inaweza kusafiri katika mfuko wa shati la baba pamoja na ile amri ya uhamisho.